Pembe ya Okuonzi

Mimi Candia ni katekista, na hasira ninazo. Nalisema mapema ili asije mtu akashangaa baadaye. Mwaka wa sabini na tisa, serikali ilipoanguka kule Kampala na askari wakaanza kukimbilia kwetu West Nile na magari ya watu, nilikuwa nasimamia kigango kimoja huku Logiri, matofali ya udongo, bati lililotoboka, na ringi ya gari tuliyoigonga kama kengele. Padri alikuwa amekwama misheni kwa sababu ya vizuizi vya barabarani. Kwa hiyo waumini wote, wazima na wagonjwa, wenye akili na wasio nazo, walibaki mikononi mwangu.

Askari waliopita hawakuwa wabaya wote. Wengine walikuwa watoto wetu wenyewe, wamevimba miguu, wanaomba maji. Lakini wengine walichukua baiskeli, redio, mbuzi, na walipoona msichana walimchukua pia. Watu wakaanza kuhamia uwanja wa kanisa na mikeka yao na kuku wao, wakidhani mtu mwenye bunduki na njaa ataogopa altare. Nikaona hapa tutamalizwa wote kwa pamoja. Jumapili baada ya sala nikawazuia wanaume mlangoni, nikawaambia nataka walinzi wa kujitolea, wasiolipwa na wasiolewa. Nilipotaja pombe, jamani, uwanja ulipungua hapohapo.

Waliobaki aliwafundisha Tahiru. Huyu ni jirani yangu, Mnubi, Mwislamu wa swala tano, aliyepigana Burma enzi za Waingereza. Kiswahili chake ni cha kambini na hakijali ngeli, lakini kila mtu anakielewa. Alikuja na fimbo kwapani, akawapanga vijana wangu kwenye jua, akawatazama mmoja mmoja.

"Mwalimu," akaniambia mwisho, "hawa iko na nguvu, lakini akili ya lindo hapana. Mutu ya lindo hapana kaa chini. Akikaa, atalala. Akilala, nyinyi yote kwisha."

"Wafundishe basi. Ndiyo maana nimekuita, si kunitukania watoto."

"Wewe unakasirika upesi sana," akasema, akacheka. "Ungekuwa askari, ungepigwa risasi na wenzako."

Uwanja wetu una pembe nne. Moja iko langoni, ya pili kisimani, ya tatu makaburini, na ya nne iko nyuma, mahali ambapo shamba la muhogo limekuja mpaka kwenye ua. Hii ya nne ndiyo iliyomtisha Tahiru, maana katika muhogo ule mtu angeweza kutambaa mpaka ukutani na asionekane. Akauliza nani ana macho na hana woga. Vijana wote wakamtazama mwanangu Okuonzi, naye akainua mkono kabla sijasema lolote. Alikuwa fundi wa magari mjini Arua, mwanangu pekee, mikono myeusi kwa oili hata Jumapili. Mdogo wake kwa baba mdogo, Amandu, aliwekwa akiba.

Tahiru alitaka watumie filimbi. Nikakataa. Filimbi hata mwizi ana pumzi ya kuipuliza. Nikamwambia sisi tuna kitu bora kuliko filimbi. Kwetu Walugbara kila mwanamume ana mwito wake, tunauita *cere*, anaoupiga kwa sauti nyembamba ya juu akitoka kwenye ngoma au akirudi nyumbani jioni, na kabla hajafika mke wake anajua ni yeye. Mwito wa mtu haupigwi na mwingine. Ukiuiba umemtukana, na watu wameumizana kwa mikuki kwa sababu hiyo. Mwenyewe akifa, mrithi wake ndiye anayeupiga mara moja, ya mwisho, mbele ya watu, nao wanajua kwamba amekwenda. Baada ya hapo hausikiki tena. Basi tukakubaliana kwamba kila jioni, sala ikiisha na jua lingali juu ya vilima vya Zaire, kila pembe itapiga mwito wake kwa zamu. Tukisikia minne, tunajua wote wako macho na hakuna mgeni aliyeingia.

Mwito wa Okuonzi ulianza juu kabisa, ukashuka polepole, kisha mwishoni ukaruka ghafla kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Watoto walikuwa wanaungojea ili wacheke. Mkewe Nora naye alikuwa akitabasamu upande wa wanawake, anajifanya anafunga kitenge. Nora ni Mkuku, kabila la Sudan, aliletwa hapa mgongoni mwa mama yake wakati wa vita vyao, na vita vilipoisha wenzake wakarudi, yeye akabaki kwa ajili ya kijana wangu. Walikuwa bado hawajapata mtoto.

Haukupita muda mrefu. Okuonzi alikwenda Arua kuchukua spana zake gereji, akakutana na askari wenye lori lisilowaka. Walimlazimisha kulitengeneza. Lilipowaka, wakaona afadhali wamchukue fundi pamoja na lori, wakamweka kwenye usukani, wakaelekea Koboko ili wavuke Sudan. Haya nilielezwa na mama mmoja muuza karanga aliyekuwa amejibanza ng'ambo ya barabara. Alisema Okuonzi aliweka spana zake vizuri chini ya kiti kabla ya kuondoka, kama mtu anayekwenda kazini.

Jioni ile lango likaita, kisima kikaita, makaburi yakaita. Halafu kimya. Hakuna aliyejua afanye nini na kimya kile. Nikafunga sala upesi, nikawafokea watoto waliokuwa hawajafanya kosa lolote.

Nikamwambia Amandu achukue pembe ya muhogo. Akakataa.

"Baba mkubwa, nikisimama pale nikapiga mwito wangu, ni kama nimesema yeye amekufa. Akirudi kesho atanikuta nimekalia mahali pake. Sitaki."

"Wewe uko akiba kwa ajili ya nini? Kupamba?"

"Nipige ukitaka. Pale sisimami."

Na kusema kweli sikumsukuma sana. Nilifurahi alivyokataa. Nilitamani niwe nimeshindwa na kijana mkaidi, pembe ibaki wazi, mwanangu abaki hai. Kwa hiyo jioni zilizofuata tukawa tunasikia miito mitatu na kimya, na watu wakaanza kuzoea kuinamisha vichwa kwenye kile kimya.

Kisha jioni moja, makaburi yalipomaliza kuita, tukasikia wa nne. Ulianza juu kabisa, ukashuka, mwishoni ukaruka.

Mtoto mmoja akacheka kwa mazoea. Mama yake akamziba mdomo. Mimi nilikuwa nimeshika kitabu cha sala na nikaona herufi zote zinacheza. Nora alikuwa kiti cha mbele, pale pale machoni pangu, amesimama mikono wazi. Halafu akapiga kelele ya furaha, akakimbia nje, na sisi sote nyuma yake, hata wazee. Tulifika pembeni tukakuta muhogo tu. Majani hayakutikisika. Tukaita jina lake mpaka koo zikakauka, Amandu akaingia shambani mpaka mwisho na kurudi. Hakukuwa na mtu wala alama ya mguu.

"Yuko hapa," Nora akasema. Hakuwa anapiga kelele tena. "Amerudi lakini anaogopa askari watamwona. Mwacheni."

Jioni iliyofuata mwito ulisikika tena, na nyingine, na nyingine. Mimi ni katekista. Nimewakemea watu miaka mingi kwa sababu ya vibanda vya mizimu nyuma ya nyumba zao. Na sasa, Mungu anisamehe, nilikuwa naiharakisha litania ili nifike mwisho. Asubuhi niliamka nikiwaza jioni. Sikutaka kuchunguza. Mtu akisema "twende tukaangalie tena," nilimjibu vibaya. Nora alianza kupeleka chakula kwenye ua kila jioni wakati wa sala, ugali na mboga ya simsim, na asubuhi sahani ilikuwa tupu. Mbwa wapo, najua. Lakini hakuna aliyewataja mbwa.

Hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa la watu wa huku, sidhani kama wengine wangelifanya. Pembe iliyokuwa hatari kuliko zote ikaitika kila jioni, kwa hiyo tukaihesabu kuwa ina mlinzi. Tena watu walisema ni mlinzi bora, hasinzii, hali rushwa. Walinzi wengine wakajazana langoni na kisimani. Nyuma hakukuwa na mtu hai hata mmoja.

Tahiru aliposikia alikuja mbio, fimbo mkononi.

"Mwalimu! Nyinyi iko na wazimu? Mnalinda na sauti?"

"Usitukane usichokijua."

"Mimi nimezika watu wengi kuliko wewe, nakijua sana. Sauti hapana shika mutu. Wallahi, weka kijana pale."

Nikamwambia aende zake msikitini akawapangie wenzake lindo. Nilisema kwa ukali, watu wakasikia. Alinitazama kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyoniudhi zaidi.

Jumapili, tukiwa katikati ya nyimbo, askari waliingia kupitia muhogo. Hawakuwa wengi. Walitembea tu, wakaruka ua, wakawa ndani ya uwanja kabla ya mtu yeyote wa langoni kugeuka. Walichukua baiskeli zilizoegemezwa ukutani na wakamshika binti wa Filda, yule mama anayetuongoza nyimbo. Filda aliwarukia kwa mikono mitupu. Mmoja akampiga kitako cha bunduki, mkono wake ukavunjika, nasi sote tukasikia mfupa. Kelele zikawa kubwa, wanaume wakatoka kanisani wote kwa pamoja, na wale askari wakamwachia msichana wakatoroka na baiskeli. Kama wangekuwa wengi kidogo, yule mtoto tusingemwona tena.

Nilimfunga Filda mkono kwa vipande vya mwanzi. Hakulia. Aliniuliza swali moja tu.

"Mwalimu, Okuonzi alikuwa wapi?"

Jioni ile mwito ukasikika kama kawaida, na safari hii watu hawakutabasamu. Wengine walisema Okuonzi amekasirika nasi. Wengine walisema tumwongezee chakula. Nilipomwambia Amandu asimame pale, akatokwa na machozi mbele za watu, mwanamume mzima, akasema hawezi kumfukuza ndugu yake aliye hai. Ndipo nikaelewa kwamba hatatokea mtu wa kusimama kwenye pembe ile mpaka ijulikane. Kama mwanangu yuko hai, nimlete. Kama amekufa, lazima mtu apige mwito wake mara ya mwisho. Na hao askari walikuwa wamekwisha kuijua njia.

Asubuhi nikaenda kwa Tahiru kuomba radhi. Hakunipa nafasi. Alikuwa tayari anajaza upepo baiskeli yake.

"Dada yangu Hawah iko Koboko, anauza chai njia ya Sudan. Kila lori inapita mbele yake. Panda nyuma."

Tukaenda hivyo, Mnubi anakanyaga, katekista kwenye kiti cha nyuma, na vilimani nikishuka kusukuma. Njiani tulipishana na familia zinazokimbia, vitanda vichwani. Tulilala kwa watu, tukaendelea. Tulipofika kizuizini Tahiru alizungumza na askari kwa Kinubi, akanitaja mimi shemeji yake, wakacheka wakatupisha. Sikuuliza ameniozesha nani.

Hawah alikuwa mama mnene mwenye sauti ya chini. Alitukaribisha, akatupa chai ya tangawizi, akaniacha ninywe. Kisha Tahiru akamweleza tunayemtafuta, fundi, mikono ya oili, mwito wake wa ajabu. Nikaona Hawah anaweka birika chini kwa uangalifu mkubwa. Nikajua.

"Mzee wangu," akasema, "lori iliishiwa mafuta hapa mbele. Wakasema fundi ameharibu kusudi. Wakampiga risasi ya tumbo, wakakimbia kwa miguu. Mimi na wanangu tulimwingiza ndani. Alikaa mpaka alasiri. Aliomba maji, nikampa kidogo kidogo. Akasema yeye ni Okuonzi wa Logiri, baba yake mwalimu wa kanisa, mkali sana."

"Alisema mkali?"

"Alisema hivyo akicheka, mzee wangu. Alikuwa anacheka."

Walimwosha, wakamvika sanda yao wenyewe, wakamzika kwenye makaburi yao ya Waislamu, kwa sababu hawakujua njia nyingine ya kumheshimu mtu. Nilisimama pale kwenye udongo mwekundu nikamwombea kwa sala yangu, na Tahiru akainua viganja akamwombea kwa yake. Nililia kwa sauti. Sikujali nani ananitazama. Nilitaka kuupiga mwito wake papo hapo, kinywa kikafunguka, nikashindwa. Baba hamrithi mwanawe. Ni yeye aliyepaswa kuupiga wangu.

Tuliporudi Logiri ilikuwa saa ya sala ya jioni. Nilimwomba Tahiru anishushe nyuma ya uwanja, sikutaka kupita langoni watu wakanisoma usoni. Nikasikia sala ikiisha. Lango likaita. Kisima kikaita. Makaburi yakaita. Nikasimama kwenye njia kungojea kimya, maana nimetoka kulishika kaburi la mwanangu kwa mikono hii.

Mwito ukapigwa. Juu kabisa, ukashuka, ukaruka.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye muhogo. Niliyasukuma majani, na pale kati ya mistari, amepiga magoti, viganja vimezunguka mdomo, alikuwa Nora. Mwito wa mwanamume hupigwa kwa sauti nyembamba, ndiyo maana hatukuwahi kutofautisha.

Alinitazama usoni. Mikono yake ikashuka polepole.

"Baba, usiniambie," akasema. "Nakuomba. Usiseme."

Nilikaa chini kwenye udongo karibu naye, mtu mzima na vumbi la safari. Nilitaka kumkaripia na hasira ikanikimbia siku hiyo niliyoihitaji.

"Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu jioni ya pili. Nilikuja hapa kumngojea aite tena, na hakuita. Nikaona watu watasema amekwenda. Mimi ni Mkuku, mwito wenu haunifungi. Nikaupiga mimi."

"Na ule wa kwanza?"

Akanishangaa. "Ule wa kwanza nilikuwa ndani nanyi, Baba. Uliniona."

Ni kweli nilimwona. Muhogo ulikuwa mrefu kuliko sisi na sikutaka kugeuka nyuma.

"Mwache alinde kidogo tu," Nora akanong'ona. "Mpaka mavuno. Hamsumbui mtu."

"Filda amevunjika mkono."

"Najua. Nampikia kila siku. Najua, Baba." Akanishika mkono wa shati. "Ukiupiga wewe, nitakuwa mjane leo. Usipoupiga, mimi bado ni mke wa mtu. Ni hilo tu. Sina kingine."

Mimi pia sikuwa na kingine. Nilimwambia hivyo, kwa maneno hayo hayo, na nadhani ndiyo mara pekee tuliyowahi kuzungumza kama watu sawa. Kisha nikamsikia mtoto wa Filda akicheka uwanjani, yule yule msichana waliyemshika, anafukuzana na wenzake karibu na ukuta, upande huu usio na mtu. Hatua chache tu kutoka kwenye majani.

Nikasimama. Nikaweka viganja mdomoni. Nora akajifunika uso kwa kitenge. Nikaanza juu kabisa, na sauti yangu ya uzee ikapasuka, nikaishusha kama nilivyoweza, na pale mwishoni pa kuruka nikaruka.

Uwanjani wote walijua sauti ni yangu, na wakajua maana yake. Filda ndiye aliyeanza kulia, kisha wanawake wote, na ndani ya muhogo Nora akaanguka kifuani kwangu akanipiga ngumi, moja baada ya nyingine, nami nikamwacha. Tahiru alisimama njiani na baiskeli yake, kofia mkononi.

Kabla jua halijazama Amandu alikuja na mkuki wake, bila kuambiwa. Alimpita Nora akiwa ameinamisha kichwa, akasimama penye pembe.

Askari walirudi kupitia muhogo, kama tulivyojua watarudi. Amandu aliwaona mapema, akaita, wanaume wakajaa ukutani kwa mikuki na mapanga, nao wakageuka wakaenda kutafuta watu wengine. Hakuna msichana aliyeguswa tena katika kigango changu. Padri aliposikia alitusifu, akasema walinzi wa Logiri ni mfano kwa wengine.

Hajui. Kila jioni lango linaita, kisima kinaita, makaburi yanaita. Kisha Amandu anavuta pumzi kule nyuma, kijana mwema, mtoto wa ndugu yangu mwenyewe, na mimi nimesimama mbele ya altare na kitabu mkononi, namwomba Mungu amzibe mdomo mara moja tu, nimsikie wangu.